Nzi wa Manyoya

Tatu alikuwa akifunga nzi wa uongo kwenye shamba la Bwana, Mjerumani mmoja, chini kidogo ya Korogwe. Ndoana, unyoya wa jogoo, uzi, fundo. Ungemwona ungemfukuza kwa mkono. Bwana alimrusha juu ya maji ya mto Pangani, samaki akadhani ni mdudu, akameza.

Tabu ilikuwa uzi wa kuvulia. Ule wa hariri wa kwao Bwana ulikatika kila ndoana iliponasa kwenye magogo, na kila nzi aliyepotea alilipiwa na mgongo wa Muhidini, mume wa Tatu, aliyembebea Bwana kapu la samaki. Hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Mara ya mwisho kiboko kilichimba hadi nyama ya ndani. Tatu alimwosha kwa maji ya chumvi, mwanamume mzima anauma mkeka.

"Wakimlaza tena, ananifia," akasema moyoni.

Basi akakwangua jani la mkonge, akasokota nyuzi zake pajani kuwa kamba, akaipaka nta ya nyuki, akafungia ndoana.

Asubuhi nzi akanasa kwenye gogo katikati ya mto. Bwana akavuta. Kamba haikukatika. Akajizungushia kamba mkononi, akavuta kwa nguvu zote. Wapi!

Nyapara Mdoe akacheka. "Muhidini, mkeo kakuponya kiboko! Haya, ingia umnasue nzi wake."

"Pale pana mamba, Mdoe."

"Mamba au hamsa ishirini. Chagua, ndugu yangu."

Tatu alikuwa ukingoni, akifunga nzi wengine. Kwa hariri mumewe angechapwa, lakini angechapwa nchi kavu.

Muhidini akaingia, maji kifuani. Alipoinasua tu ndoana, mto ukapasuka. Mamba akamdaka paja, akajiviringisha naye, kamba ikamzonga mamba shingo. Tatu alijitupa majini na kisu chake cha kukatia nyuzi, akakididimiza kwenye jicho la mamba mpaka mpini. Taya zikaachia. Akamburuta mumewe hadi mchangani, paja limechanika, mfupa nje, lakini anahema.

Mamba akashuka zake kilindini. Kamba ikamfuata, na Bwana akaifuata kamba, mkono umekatwa hadi damu, magoti yanachimba tope.

"Kata! Kata, mwanamke!"

Mdoe alikuwa na kiboko tu, nacho hakikati kamba.

Tatu alikuwa akikaza kaniki kwenye paja la Muhidini. Hakugeuka.

"Kisu kimebaki jichoni, Bwana. Kifuate."

Maji yakamfika Bwana kifuani, kisha shingoni. Mkonge haukukatika.