Mkono Uliobaki Kazini

Saa mbili kasoro dakika tano kengele ya kiwanda cha mashati ililia, na washonaji wakakaa kwenye mashine zao. Mkono wa kulia wa Bi Kola ulikuwa umeshafika. Ulikuwa juu ya meza, mbele ya kiti chake cha zamani, unapanga kola kumi kumi.

Mashine ya kubana kola ndiyo iliyoukata, miezi mitatu nyuma, baada ya msimamizi kuiondoa kinga ya mashine hiyo ili kazi iende mbio. Bandeji ilikuwa haijabadilishwa hata mara moja, wakili wa kiwanda akafika hospitalini na karatasi: Bi Kola atalipwa fidia, naye hatashtaki wala kudai chochote tena. Mumewe alisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Bi Kola akabandika dole gumba la kushoto. Hakuna aliyemsomea mstari uliosema kwamba mkono husika utabaki kiwandani.

Fidia ilileta mabati mapya na friji. Wivu ulikuja wenyewe.

Ulikuja na wifi yake, dada wa mumewe, aliyeshona kwenye mashine ya jirani na kuleta habari kila jioni.

"Leo mkono wako umemaliza kola mia nne. Tena usinune, wifi, una bidii kuliko ulipokuwa nao."

"Na chai wanaumiminia?"

"Wanaumiminia. Hauinywi, unapasha vidole tu."

"Kikombe gani?"

"Si kile chako cha bluu?"

Bi Kola alisusa chakula siku mbili. Mkono ungekuwa mke mwenza, angejua pa kuanzia ugomvi.

Siku ya tatu alikwenda mwenyewe, akasimama mlangoni wakati wa mapumziko. Wenzake walikuwa wameuzunguka mkono, wanacheka, mmoja akiupaka rangi ya kucha. Yeye miaka kumi na moja aliyofanya kazi pale hakuna aliyewahi kumpaka. Roho ilimuuma.

"Twende nyumbani," aliuambia.

Mkono ulimpungia kwa adabu, ukarudi kwenye kola.

"Mama, ulishasaini," msimamizi alisema. "Usiusumbue, uko kazini."

Wiki iliyofuata mashine ileile iliukata mkono kidole cha shahada. Wakili alikuja na karatasi yake. Mkono ulishika kalamu kwa vidole vilivyobaki, ukatia saini kwa mwandiko mzuri wa Bi Kola, ambao Bi Kola mwenyewe hakuuweza tena.

"Mkono umelipwa?" Bi Kola alimuuliza wifi jioni hiyo, akijitia hajali.

"Kidole kimoja, wifi, na kimezidi fidia yako yote. Halafu wameupandisha cheo. Sasa unatusimamia, ukigonga meza tunaongeza mwendo."

"Na mashine ya kola?"

"Nimepewa mimi, kuanzia kesho. Na nyongeza juu!"

"Kinga wameirudisha?"

"Iko stoo. Wanasema inachelewesha kazi."

Wifi alitandaza vidole mezani, akavitazama kwa furaha. Bi Kola naye alivitazama, vyote kumi. Kesho vitakaa kwenye kiti chake, vishike kola zake. Alijua neno la kumwonya, na lilikuwa fupi. Wivu ukalizuia, akamtakia kazi njema.