Nundu ya Kaakaa

Fundi wa meno ya bandia aliitoa plasta yenye umbo la kinywa kwenye kalibu, akaipuliza vumbi, akaigeuzia kwenye taa.

Katikati ya kaakaa palikuwa na nundu iliyogawanyika vipande vitatu kama tangawizi. Nundu za kaakaa si ajabu, alishaziona nyingi. Lakini hii ilipinda kushoto, na kipande chake cha nyuma kilikuwa na mfuo. Nundu ya namna hiyo alishahangaika nayo mara moja tu, alipomtengenezea meno baba yake. Aliishusha plasta ya baba kutoka rafuni, akaziweka pamoja. Kisha, bila kutaka, akapeleka ulimi kwenye kaakaa lake mwenyewe.

Plasta mpya ilikuwa ya mama wa mchumba wake. Jana tu, akitoka kupimwa kwa daktari, alipita karakana kumtania: "Mkwe, nitengenezee meno ya kuchekea harusini. Yakinichubua, binti simtoi."

Baba wa fundi aliachwa hospitalini akiwa kichanga, na hakuna aliyewahi kumuulizia. Damu yake pekee aliyoijua ni mwanawe. Fundi ndiye aliyemshawishi watoe mate yakapimwe vinasaba. Ndiye aliyekesha na simu akiwafuatilia ndugu wa mbali waliojitokeza, watu wasiomjua hata kidogo. Kila akienda nyumbani, mzee humuuliza, "Kuna jipya?"

Sasa jipya lilikuwa mezani, naye akalitafutia nyundo kwa macho. Plasta huvunjika kila siku, nani angejua? Katika nyumba zao zote mbili binamu ni ndugu. Hakuna anayemuoa binamu yake.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mchumba wake.

"Hebu fungua mdomo," fundi alisema, tochi mkononi.

"Hata salamu hakuna? Unanikagua meno kama punda wa mnadani?"

Akafungua huku akicheka. Nundu ilikuwepo, ndogo, imepinda kushoto.

"Mbona umebadilika hivyo? Nina kidonda?"

Akamweleza. Msichana alizichukua plasta zote mbili, akapitisha kidole gumba polepole, kwanza hii, kisha ile.

"Inaweza ikawa imetokea tu," alisema.

"Inaweza."

"Wewe unaamini hivyo?"

Fundi aliiweka tochi mezani.

"Bibi alijifungua mtoto kabla hajaolewa," msichana alisema kwa sauti ndogo. "Walimwambia amekufa hapohapo hospitalini."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia ya nini? Nilikuja kwako kupendwa, sikuja kuhesabu marehemu."

Msichana akatoa mate yake mwenyewe yakapimwe. Kungoja kukawa kugumu kuliko kujua. Mama wa msichana alichagua vitambaa vya harusi, nao wakaitikia kila rangi. Wakiwa peke yao walikaa benchi moja kama abiria wasiojuana, kila mmoja akiogopa mkono wa mwenzake usije ukamgusa. Fundi aliyachonga yale meno ya mama mkwe taratibu mno, akiikwepa nundu.

Jibu liliingia kwenye simu mchana, wakiwa karakana. Damu ya msichana na ya mzee zililingana kama za binti na ndugu wa mzazi wake.

"Tusiseme," fundi alisema. "Mzee ameishi hivyo maisha yake yote. Tutahamia mbali."

"Halafu tukizaa? Utathubutu kumtazama mtoto mdomoni?"

Fundi alizima taa ya meza. Wakaenda kwa mzee, yeye mbele, msichana nyuma.

Walimkuta akisuuza meno yake kwenye bakuli. Bila meno mashavu yalikuwa yamebonyea, akaonekana mdogo kama mtu aliyesahauliwa mahali.

"Kuna jipya?"

Fundi aliketi mbele yake. "Baba, una dada."

Mzee aliyarudisha meno mdomoni harakaharaka, utadhani dada mwenyewe yuko mlangoni.

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Ni nani? Nipelekeni basi, mnangoja nini?"

Akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka, na furaha ikaanza kumkauka usoni. Msichana, ambaye tangu alipochumbiwa alikuwa akimwita baba, alisogea akaushika mkono wake uliolowa.

"Ni mama yangu," alisema. "Ni mama, mjomba."