Malori Sita Niliyoyapisha

Sijawahi kuguswa na gari. Tangu mwaka 1938 naendesha baiskeli hapa Tabora, na mifupa yangu yote ipo pale Mungu alipoiweka. Hakuna uganga. Gari likija, shuka. Ingia mchangani, shika usukani, ngoja lipite, ngoja na vumbi litue, ndipo upande tena. Mwenye nguvu mpishe. Nilifundishwa hivyo kwa viboko vitatu, enzi za Mwingereza, siku nilipopishana na gari la Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, nikiwa nimekaa juu ya tandiko, kofia kichwani, kama mtu asiye na mwenyewe. Mimi nami, kwa kuwa ni fundi baiskeli, nimewafundisha hivyo hivyo vijana wote walionunua baiskeli dukani kwa Ratilal wakaja kwangu kuunganishiwa vyuma vyake.

Uhuru ulipokuja sikuona la kubadili. Bampa la lori halijui kama tumejitawala.

Basi ikafika 1974, mwaka wa Operesheni, watu wakawa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Magari yote ya serikali yalikuwa kwenye kazi hiyo. Asubuhi moja dereva mmoja, Abbasi, alisimamisha lori mbele ya kibanda changu, akaniita bila kuzima injini.

"Mzee Selemani, mkweo Bundala kanisimamisha njiani. Tatu ana uchungu tangu jana, lori hawezi kupanda, na mkunga wa pale hayupo. Anasema mpeleke mtu upesi. Mimi nashuka stesheni kupakia, nyuma yangu wanakuja wenzangu, malori matupu, wote wanashuka mjini."

Tatu ni binti yangu, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Kijiji chao kipo njia ya Ulyankulu, maili kumi na nne. Nilikwenda mbio kwa Mwanahawa, mkunga wa mtaa wetu, mama wa makamo, mwenye cheti na baiskeli aliyopewa na kata. Alifunga mkoba wake kwenye keria, akasema, "Tangulia baba, wewe ndiye unayeijua njia."

Nikatangulia. Barabara ile ya vumbi ina mikondo miwili migumu iliyokanyagwa na matairi, pembeni ni mchanga mtupu. Lori la kwanza lilitokea mbele yetu tukiwa hatujamaliza maili tatu. Nikashuka, nikaingia mchangani. Mwanahawa naye akashuka, maana asingeweza kumpita mzee. Vumbi likatua, tukasukuma baiskeli mpaka penye ugumu, tukapanda. Likaja la pili. Likaja la tatu. Kila moja lilitula dakika tano, pengine sita, pengine nane, ukihesabu na kusukuma.

Kwenye la nne akasema, "Baba, hivi tukibaki kwenye mkondo wetu wa kushoto, hawatuoni?"

"Kukuona atakuona. Je, atajali? Mwenda pole hajikwai, mama."

La tano tukalipisha, la sita tukalipisha. Lilipochomoza la saba nami nikaanza kuteremsha mguu, nikasikia kengele nyuma yangu.

"Nisamehe baba, mimi leo sishuki."

Akanipita. Loo! Nilipiga kelele, "Mwanahawa! Utakufa wewe!" Hakugeuka. Alikaa katikati ya mkondo wa kushoto, mgongo umenyooka, akipiga pedali kwa mwendo ule ule. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, lori lilikuwa limepunguza mwendo, limeteremsha matairi ya upande mmoja mchangani, linampita taratibu. Yule mama hata hakuyumba.

Dereva alipofika nilipo alisimama, akatoa kichwa nje.

"Mzee, nyie mnaoruka pembeni ndio mnaotupa presha! Mtu hajui mtaangukia wapi, wala mtarudi barabarani saa ngapi. Yule mama nimemwona tangu kule juu, nikajua anakwenda wapi."

Sijazoea kufundishwa baiskeli na mtu wa lori. Nikangoja vumbi lake litue, nikapanda.

Sikumwona tena Mwanahawa njia nzima. Nilipofika kijijini nilimkuta Bundala amekaa chini nje ya nyumba, mikono kichwani. Mwanahawa alikuwa mlangoni ananawa.

"Tatu mzima, baba. Mshukuru Mungu. Mtoto tumemkosa, kitovu kilimzunguka shingoni."

"Alikufa lini?"

Aliendelea kunawa mikono iliyokwisha takata. "Nilipofika alikuwa bado wa moto."

Alikuwa mvulana. Nilifunuliwa kitambaa nikamwona, ana paji la uso la mama yake. Hesabu ya malori sita kila mtu anaiweza.

Wakaniruhusu kuingia. Tatu alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka. Alinitazama miguu, imejaa mchanga mpaka magotini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona mmechelewa?"

Mwanahawa alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia anaacha kufunga mkoba.

"Magari," nikasema. "Magari yalikuwa mengi."

Mwanahawa akaendelea kufunga mkoba. Tatu akanyoosha mkono, akanishika vidole.

"Pole na njia, baba," akasema. Na mimi nikaipokea ile pole.