Kiatu cha Mlango

Mume wangu hakujua kufunga mlango, alijua kuubamiza tu. Bosi wake akimfokea kazini, mlango wa chumba chetu ndio ulioipata. Siku kidole cha binti yetu kilipobaki katikati, ukucha uling'oka na mtoto akazimia mikononi mwangu. Baba mtu akasema, "Si angetoa mkono?" Nilimchukia siku ile, tena bila haya.

Mimi ni fundi viatu. Nilikata soli ya kandambili kuukuu, nikaichimba mfereji ili iume ukingo wa mlango, nikaijaribu kwa karoti. Nikaiweka karoti kwenye fremu, nikabamiza. Ikakatika. Nikagundisha soli nyingine juu yake, nikaweka karoti nyingine, nikabamiza tena, na mara hii mlango ukadunda ukarudi. Binti yangu akaitafuna ile karoti iliyobaki nzima huku akicheka, akakipa kifaa changu jina: kiatu cha mlango. Nikauvalisha mlango juu kabisa, asikifikie.

Jioni, tukiwa chumbani mimi na mtoto tunakunja nguo, baba mtu akaingia kwa hasira zake za kila siku. Akabamiza. Mlango ukadunda, ukamrudia, ukampiga kisogoni. Kicheko kikaniponyoka.

Akageuka. Ngumi ya kwanza ilinipasua mdomo, ya pili ikanilaza juu ya nguo.

"Hata mlango umeufundisha kunidharau? Ngoja hapo hapo."

Akatoka, nikamsikia sebuleni akipekua sanduku langu la kazi. Nyundo. Nikauvamia mlango, nikausukuma, nikazungusha ufunguo. Haukushika. Raba yangu imara, raba niliyojisifia, ilikuwa imeacha upenyo. Mimi mjinga nilikuwa nimetengeneza mlango usiofungika, na mwanangu yuko ndani.

Nyundo ikatua kwenye mbao. Kisha vidole vinne vikapenya kwenye upenyo, vikashika ukingo, naye akaanza kusukuma kwa bega.

"Nikiingia humo, wote wawili mtanitambua!"

Wote wawili. Miguu yangu ikateleza sakafuni.

"Mama, kivue kiatu!" binti yangu akapiga kelele.

Aliposukuma tena, raba ikalegea. Nikainyofoa, nikarudi nyuma hatua moja, nikaubamiza mlango kwa mwili wangu wote.

Nilisikia mlio wa karoti.

Nyundo ikaanguka. Akalia jinsi ambavyo sijawahi kumsikia mwanamume akilia. Nikaachia mlango kidogo vidole vitoke, nikaufunga, nikazungusha ufunguo. Sikumhurumia hata chembe. Nilitamani kuubamiza tena.

Binti yangu akatoka nyuma ya kitanda, akanipita bila kunitazama. Akalala kifudifudi, akaweka mdomo kwenye uwazi chini ya mlango.

"Baba," akanong'ona, "pulizia. Mimi mama alinipulizia, kikapoa."