Asubuhi Mbili za Anatoli

Melania alilifua koti la ziwani la mumewe mara moja tu kila msimu wa giza, mwezi usipoonekana na wavuvi wakikesha ziwani, na hata hiyo mara moja alibishana nalo. Lilikuwa zito, limekaukiwa na magamba ya dagaa mpaka linasimama lenyewe. Siku hiyo, saa kumi jioni, Anatoli ameshateremka ufukweni Katonga na koti jingine, Melania akapitisha mkono mifukoni kabla ya kulitumbukiza kwenye beseni. Akatoa kiberiti kilicholowa na kipande cha muhogo wa kuchoma. Akatoa na karatasi mbili za vidonge, tupu, kila moja ina matundu kumi.

Alivijua vidonge hivyo. Ni vile vya presha vya zamani, aina mbili, ambavyo nesi Frida alisema viachwe. Wakati wa mbalamwezi, wavuvi wote wakiwa nyumbani, Anatoli alipimwa zahanati. Lakini zamu ya dirisha la dawa ilipofika alikuwa nje anabishana na mtu habari za nyavu, akamtuma mkewe. Frida akamwambia Melania maneno ya wazi: hiki kimoja kina dawa zile mbili ndani yake, tena za nguvu zaidi, ampe kila asubuhi, vile vya zamani avirudishe. Melania alivirudisha vyote vilivyokuwa ndani ya nyumba. Hakujua kwamba Anatoli ana akiba yake kotini.

Giza lilikuwa limeanza siku kumi nyuma. Matundu kumi, kidonge cha kila aina kwa kila siku.

Hapo ndipo yalipomjia yote kwa pamoja: mume kushika mwimo wa mlango kila anapoinuka kitandani, kukaa kwenye ndoo wakati wa kuoga, juzi kukosea kutia mguu kwenye kandambili na kucheka peke yake. Alisema ni uchovu. Melania naye alikubali ni uchovu.

Akampigia simu Anatoli. Simu ikaita chumbani, chini ya mto. Akampigia Frida.

"Leo amekunywa vyote?" Frida aliuliza.

"Sijui, dada. Cha kwangu nilimpa asubuhi. Hivi vingine sijui."

"Anafanya kazi gani huko majini?"

"Anatembea juu ya miti."

Kila mtu wa ufukweni aliijua kazi hiyo. Mitumbwi miwili hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu unashushwa katikati, na mtu mmoja hutembea juu ya miti hiyo gizani kurekebisha taa na kamba. Martini, mvuvi mwenzao, alianguka kutoka hapo mwaka juzi. Walimpata siku ya tatu.

"Mzuie asipande," Frida alisema. "Mlaze chini, miguu iwe juu. Halafu mlete, na dawa zake zote uje nazo. Mimi nakusubiri."

Kutoka kwao Bangwe mpaka Katonga si mbali kwa mtu anayetembea. Kwa Melania, mwenye miaka hamsini na kanga inayomfunguka, ilikuwa mbali. Aliteremka akikimbia, akapita kwenye vichanja vya dagaa, wanawake wakamwita hakuitika. Jua lilikuwa limeinamia milima ya Kongo. Injini ya chombo kimoja ilikuwa imeshawashwa.

Haikuwa ya kwao. Chombo cha Jeremia kilikuwa bado kimeegeshwa, maji ya kiunoni, na Anatoli amesimama juu ya miti anafunga taa.

Jeremia, nahodha, alimwona wa kwanza. "Mama Elida, umekuja kuvua? Ingia, tumepungukiwa mtu wa kuchota maji."

"Mteremshe mume wangu."

"Kakosa nini tena?"

Anatoli hakugeuka. "Rudi nyumbani, Melania. Watu wako kazini."

Melania aliingia majini na kanga yake, karatasi zile ameziinua juu. "Umekunywa hizi leo?"

"Nimekunywa. Mimi siyo mtoto wa kuulizwa dawa."

"Lini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ulikuwa umelala."

"Nilipoamka, basi. Saa tisa. Hiyo siyo asubuhi?" Sasa aligeuka, amekasirika. "Wewe unanipa ile ya kulalia, mimi nakunywa za kuamkia. Shida iko wapi?"

"Hiyo ya kulalia ndiyo hizo hizo, Baba Elida. Zote mbili ziko ndani yake. Unakunywa mara mbili."

"Kidonge kimoja kitafanya kazi ya viwili? Walipungukiwa dawa tu hao."

Jeremia alikuwa ameacha kucheka. "Lakini kweli, saa tisa ndiyo asubuhi yetu," alisema taratibu. "Mimi mwenyewe nilimwambia bwakeye."

Ndivyo walivyosalimiana wakati wa giza, salamu ya asubuhi jua likiwa limeshageukia ziwani, na hakuna aliyeona ajabu.

"Teremka," Melania alisema.

"Sikai nyumbani kwa sababu ya vidonge." Anatoli aliinama akaokota kamba, akainuka kwa hasira, haraka.

Uso wake ukawa rangi ya majivu. Alitazama mbele kama mtu aliyeitwa na asiyemjua, mkono ukatafuta taa, haukuipata. Mguu mmoja ukazama katikati ya mitumbwi. Jeremia alimdaka shati kwa mikono miwili, shati likachanika, akamdaka mkanda.

Walimlaza mchangani, miguu juu ya ndoo. Aliporudiwa na sauti alitukana, na Melania akamshukuru Mungu kwa tusi lile. Jeremia alimwita Leonardi atembee juu ya miti badala yake.

Walimpeleka zahanati, wakipitia nyumbani kuchukua boksi la dawa mpya; kipimo kilionyesha themanini na mbili kwa hamsini, chini mno. Frida alipima tena, akaandika, akavitandaza vidonge mezani.

"Basi naacha zote," Anatoli alisema, amelala kitandani.

"Ukiacha zote, presha yako inarudi kule ilikokuwa, nayo itakuangusha nchi kavu. Utakaa hapa nikuangalie. Kesho hunywi kitu mpaka nikupime. Nikikuruhusu, utakunywa hiki kimoja tu, na mfukoni hukai na kingine. Saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Sitaki kusikia asubuhi. Nipe saa."

Anatoli aliwaza. Wakati wa mbalamwezi huamka saa kumi na mbili. Wakati wa giza, saa tisa mchana. "Saa mbili," Melania alisema badala yake. "Giza anakuwa amerudi, hajalala. Mbalamwezi anakuwa ameamka."

"Saa mbili," Frida akaandika kwenye boksi kwa kalamu nene.

Nje taa za vyombo zilikuwa zimeanza kuwaka ziwani, moja moja. Anatoli alizitazama dirishani, akizihesabu mpaka alipodhani ameiona ya kwao.

"Nani amesimama pale juu?" aliuliza.

"Leonardi," Melania alisema.

"Leonardi hajui kufunga ile taa." Akataka kuketi. Melania alimwekea mkono kifuani, naye, kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakubisha.