Barua ya Kila Novemba

Clifford Thackray alikuwa na ugomvi na Krismasi, au tuseme na wenye maduka waliokuwa wakiivuta ije mapema. Kila mwaka, tangazo la kwanza la duka kubwa likitokea kwenye runinga, yeye aliliandikia gazeti la mji wake, Keighley. Hoja yake ilikuwa moja, na wala haikuwa mbaya: fataki za tarehe tano Novemba hazijapigwa, waliokufa vitani hawajakumbukwa, ua lao jekundu la karatasi bado liko kifuani mwa koti, na tayari mtu anauziwa bata mzinga. Watu walimpenda kwa hilo. Kwenye foleni ya buchani walimwambia amewapa wenye maduka vidonge vyao, naye akajifanya hasikii, kumbe masikio yamesimama.

Siri yake ni kwamba barua ilikuwa ile ile. Aliitunga miaka tisa nyuma, mwaka aliostaafu posta, na tangu hapo akawa anabadilisha tarehe na jina la duka tu. Hata hayo matangazo hakuyaangalia. Kengele za Krismasi zikianza kulia, kidole kilikwenda kwenye rimoti kikazima. Mazoea yana taabu.

Gazeti likitoka, aliikata barua yake kwa mkasi, akaitia kwenye bahasha na kumpelekea binti yake Lorna, London. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuzungumza naye. Lorna alikuwa mwigizaji, yaani, kwa maelezo ya baba yake, mhudumu wa mkahawa aliyewahi kuwa maiti mara mbili kwenye tamthilia za polisi. Mama yake, alipokuwa hai, ndiye aliyesafiri kwenda kumtazama jukwaani. Clifford alibaki nyumbani, akisema mtu wa posta huamka saa kumi alfajiri. Ilikuwa kweli, ila hata baada ya kustaafu aliendelea kusema hivyo hivyo.

Mwaka huo, mwishoni mwa Oktoba, Lorna alipiga simu, sauti yake ina kicheko anachokibana. Alimtaka baba yake Ijumaa, saa mbili kasorobo usiku, awe mbele ya runinga, chaneli ya tatu. Kwa nini, hakuweza kusema. Ametia saini kwamba atanyamaza mpaka siku yenyewe.

"Ila uwe umekaa, Baba. Niahidi."

"Nitakaa. Kwani nina pa kwenda?"

Na alikaa, tusimwonee. Alikaa tangu saa moja na nusu, tai shingoni, sahani ya soseji na viazi vya kuponda mapajani. Saa mbili kasorobo tamthilia ikakatika. Mwanamke mwenye sweta la kijani akaonekana mgongo, anaosha vyombo, na kengele zikalia. Kidole kikaenda chenyewe. Tarehe mosi Novemba, jamani! Alipowasha tena, tamthilia ilikuwa imerudi, naye akaendelea kumtafuta bintiye kati ya polisi na maiti mpaka saa tatu.

Simu ikalia. Lorna aliuliza kama ameona.

"Nimekodoa mpaka macho yameniuma, mwanangu. Sikuona kitu, ila huo upuuzi wao wa Krismasi. Kesho nawaandikia."

Lorna alisema sawa, Baba, lala salama. Clifford alidhani wameikata sehemu yake kwenye tamthilia, kama walivyowahi kumfanyia. Alimhurumia sana.

Barua ilitoka Jumatano. Safari hii gazeti liliiweka na mtandaoni, na kufikia jioni watu zaidi ya mia sita walikuwa wameongeza yao. Mmoja aliapa kulisusia duka lile mpaka Pasaka. Mwingine alitaka litozwe faini. Wachache walisema waacheni watu wafurahi, baridi yenyewe ndefu. Lakini wengi walidaka sentensi moja, ile ya miaka tisa, iliyomtaja "mama wa nyumbani anayechekacheka kama aliyelipwa kwa kila jino." Wakaikimbiza huku na huko, wakimsema mwanamke wa sweta la kijani kana kwamba amewaibia.

Clifford hakuwa na mtandao, hakuyajua hayo. Alhamisi asubuhi alikata barua, akafunga bahasha, akaitumbukiza kwenye sanduku jekundu la posta, pembeni mwa barabara, akaenda buchani. Enid Holroyd, aliyekuwa akiimba kwaya na marehemu mkewe, alimshika mkono.

"Nimemwona Lorna wako kwenye lile tangazo. Pale baba anapobisha hodi, naye anamfungulia, nililia, Cliff. Ila wewe sikukuelewa. Mwanao wa kumzaa, mbona umemwandika vile?"

Aliacha soseji zake juu ya kaunta. Sanduku lile hufunguliwa saa kumi jioni, na yeye alisimama hapo kwenye mvua tangu saa tano. Aliyekuja kulifungua alikuwa Parveen, mwanamke ambaye Clifford mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Clifford aliomba bahasha yake. Mwandiko wake ule pale, unaonekana.

"Cliff, siku ya kwanza ulinifundisha nini?"

Alijua. Barua ikishapita mdomo wa sanduku si yako tena, hata kama umeiandika wewe. Aliwahi kumnyima mwanamke aliyelia mbele ya sanduku hili hili, akaenda nyumbani kumsimulia mkewe kwa kujisifu. Parveen alimpa pole na kuitia bahasha kwenye mfuko wa barua pamoja na nyingine.

Alifika nyumbani amelowa, akampigia Lorna, akamwambia kuna bahasha inakuja, akamsihi asiifungue.

"Nimeshaisoma, Baba. Jana, mtandaoni. Na wale mia sita nimewasoma pia."

"Lile neno si juu yako. La zamani lile, naandika hilo hilo kila mwaka. Sikuangalia, Lorna. Nilizima."

"Najua," Lorna alisema, bila hasira, na bora angekasirika. "Hujawahi kuangalia."

Tangu siku hiyo Clifford alivumilia vipindi asivyovipenda akisubiri kengele. Lorna anaosha vyombo. Anaandaa meza ya watu wawili, anatazama mlango. Baba anabisha hodi, kofia ina theluji, naye anamfungulia na kucheka. Alicheka kama mama yake. Clifford alilia kila mara, peke yake, na hakuona aibu.

Krismasi Lorna alikuja. Alikula, akasifu chakula, akashukuru kama mgeni, akaondoka kabla ya chai.

Mwaka uliofuata kengele zililia tarehe ishirini na tisa Oktoba. Clifford aliweka uma chini, akaisukuma rimoti mbali, akaangalia mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke mwingine.