Mtoto Jike wa Rimaha

Baba alizikwa kabla ya mvua za kwanza, upande wa mashariki wa kisima chetu. Waliokuja kutupa pole walimsifu kwa mengi: ukarimu wake, subira yake, mkono wake mwepesi kwa mifugo iliyovunjika mifupa. Hakuna aliyetaja farasi wake. Mtu aliyefuga Saklawiya, ukoo bora wa farasi wa Kiarabu, maisha yake yote, ukimsifu na kuwaruka farasi wake, umemsifu nusu. Kaka yangu Sattam alimimina kahawa macho yakiwa kwenye finjani. Nayaandika haya nisije nami nikazoea kumkumbuka nusu.

Rimaha, jike letu, alitoka kwa mzee Hazza wa ukoo wa jirani. Baba alimpata kwa mapatano ya kizamani: watoto jike wawili wa kwanza wangerudi kwa mzee, madume yangebaki kwetu. Basi Rimaha akazaa dume, akazaa dume tena, na tena. Ikawa mzaha wa kila baraza.

"Jadaan," Mutib, binamu yake Baba, alimwambia, "huyu jike wako anamdhulumu mzee kwa ajili yako. Umemlisha nini?"

"Shayiri tu, binamu. Ubahili ni wake mwenyewe."

Madume hao walikuwa safi. Baba aliwatolea ushahidi, na Mutib akapandisha majike yake kwa yule wa kwanza bila kuuliza mara mbili. Ndivyo ilivyo kwetu. Ukoo wa farasi hufuata mama, lakini baba naye sharti awe safi, na yote hayo hukaa katika ulimi wa mwenye farasi. Zamani za kuvamiana, mtu aliyeporwa jike lake alimpigia adui ukelele na kumtajia ukoo wa mnyama, asije akapotea jina. Walikuwa tayari kuuana, lakini kudanganyana juu ya farasi hawakuwa tayari.

Mwaka wa ukame tulihamia karibu na wakulima, kando ya mto Khabur. Rimaha alikuwa kwenye joto la kutaka dume, na Baba alikuwa amekwisha kuomba dume safi la Mutib. Alfajiri moja Rimaha akakata kamba. Baba alimkuta kwenye shamba la shayiri lililovunwa, dume la kukokota plau likishuka mgongoni mwake. Mfugaji yeyote anajua la kufanya hapo: unasema asubuhi ileile, watu wanakucheka, na mtoto atakayezaliwa unampa kazi ya kubeba maji bila kumtaja ukoo. Baba alimpangusa Rimaha jasho, akamrudisha hemani. Jioni akampeleka kwa dume la Mutib mbele ya mashahidi wawili, kama inavyotakiwa.

Mtoto akazaliwa jike. Mweupe wa miguu, shingo ndefu, macho ya mama yake. Kila aliyemwona alisema ni Saklawiya mtupu. Baba hakumgusa kwa siku nyingi, na mama akadhani anaogopa kijicho.

Mzee Hazza alikuja mtoto alipoachishwa ziwa. Alikuja na pikapu ya mjukuu wake, nyuma imetandikwa majani makavu, na blanketi yenye vishada vyekundu ambayo wake wa wanawe walikuwa wameifuma tangu waliposikia habari. Nilikuwa nimerudi kutoka shule ya sekondari Hasaka. Tulikaa na mama nyuma ya pazia la hema, tukisikia kila neno.

"Ami Hazza, umechelewa," Mutib alimtania. "Tulidhani utamsubiri mpaka awe bibi."

"Nimesubiri mpaka meno yamekwisha, mwanangu. Sasa naomba nyama laini na mtoto wangu jike."

Watu wakacheka. Kondoo alikuwa amechinjwa. Walipomaliza kula na kunawa, mzee akaomba aletewe mtoto. Akamshika taya kwa mikono miwili, akambusu katikati ya macho. Kisha akasema maneno ambayo kila anayepokea farasi huyasema:

"Mtolee ushahidi, Jadaan."

Baba akasimama. Nilimwona kupitia upenyo wa pazia. Akasema kwamba anashuhudia mbele ya Mungu huyu ni Saklawiya, mama yake Rimaha, mama wa mama yake aliyezaliwa kwenye hema la Hazza. Sauti ilikuwa nzuri. Ilibaki kumtaja baba wa mtoto.

Akanyamaza.

Mwanzoni watu walidhani amekabwa na machozi. Mutib akamnong'oneza, "Dume langu, binamu. Umesahau jina lake?" Mmoja akacheka kidogo, kisha akaacha. Yule mjukuu alikuwa amesimama na blanketi mikononi. Baba aliitazama ile blanketi. Mama akanishika mkono kwa nguvu. Ni hapo alipoelewa, na nadhani ni hapo baraza zima lilipoelewa.

Mzee Hazza akaachia taya la mtoto taratibu.

"Jua kali," akasema. "Mimi nilikuja kunywa kahawa tu. Mjukuu wangu, kunja hiyo."

Alikunywa finjani moja, akaaga. Baba alimfuata mpaka kwenye gari bila viatu, na nyuma ya pazia tulisikia akimweleza yote, shamba, kamba, plau. Alieleza haraka, kama mtu anayetapika.

"Mwanangu," mzee akamwambia, "ungeniambia siku ileile tungecheka wote. Ningekusubiri tena, mimi nimezoea. Sasa nitajuaje ya wale madume?"

"Wale ni safi, ami. Wallahi ni safi."

"Huenda. Na ungemaliza ule ushahidi leo, ningesema huyu naye ni safi."

Mzee alifariki mwaka uliofuata. Sijui kama alimwambia mtu, hakuhitaji. Baba alimwachia mtoto yule abebe maji, na alikuwa farasi mtiifu kuliko wote. Baba alipokutana na watu kisimani, alikuwa wa kwanza kuondoka. Hakuna aliyemtukana. Ila hapakuwa tena na mtu aliyemwomba ushahidi, hata wa mbuzi.

Mutib alikuja kwenye matanga akakaa wa mwisho. Wageni walipokwisha, akasogea kwenye pazia.

"Mama Sattam, Mungu amrehemu. Yule dume wa kwanza wa Rimaha, niliyepandishia majike yangu..."

Mama hakumwacha amalize. "Siku Rimaha alipopandishwa kumzaa yule, kamba niliishika mimi, kwa mikono hii. Mwandike safi, Mutib."

"Nakusadiki, dada."

Alisema hivyo kwa adabu, akainuka, akapangusa kanzu yake. Majira ya kuchipua tukasikia ameuza uzao wote wa dume lile kwa watu wa mjini, wanaotaka farasi wa kupanda tu na hawaulizi baba yake nani wala mama yake nani. Sattam alipoleta habari hiyo, mama alikuwa anakanda unga. Hakuinua kichwa. Akaendelea kukanda mpaka unga ukawa mgumu, na mkate wa siku ile haukulika.